KAPTENI CHRISTY MATHEWSON: MRUSHAJI MPIRA ALIYEITIKA WITO WA VITA

Wako wanamichezo waliopata sifa kwa nguvu za mikono yao, na wako waliopata sifa kwa mwenendo wao. Ni wachache waliojaliwa yote mawili, na wachache zaidi walioweza kuacha sifa hizo nyuma na kuvaa sare ya jeshi wakati ambapo hakuna aliyewalazimisha. Leo tunawaletea askari wenzetu, wa jeshi na wa polisi, maisha ya mmoja wa hao wachache. Huyu ni Christopher Mathewson wa Marekani, mrushaji wa mpira wa besiboli, aliyezaliwa mwaka 1880 na kufariki dunia mwaka 1925 akiwa na umri wa miaka 45 tu.

Hatukumchagua kwa sababu mchezo wake umeenea katika kambi zetu, maana haujaenea. Tumemchagua kwa kuwa katika maisha yake yamo mambo ambayo kila askari hukutana nayo siku moja: kutumia nguvu kwa kipimo, kusimama imara penye rushwa, na kumkabili adui asiyeonekana kwa macho, yaani gesi ya sumu.

MCHEZO WENYEWE

Kwa wale wasioufahamu mchezo wa besiboli, yafaa tuueleze kwa ufupi. Timu ni mbili, kila moja ina wachezaji 9. Uwanja una vituo vinne vilivyopangwa kwa umbo la mraba. Mrushaji husimama katikati, mbali na mpigaji kwa kadiri ya mita 18 na nusu, na humrushia mpira mdogo mgumu. Mpigaji hushika gongo la mti na kujaribu kuupiga. Akiukosa mara tatu, hutolewa. Akiupiga vema hukimbia kutoka kituo hadi kituo, na akivizunguka vyote akarudi pale alipoanzia, timu yake hupata bao moja. Wachezaji watatu wakitolewa, zamu hubadilika, na kila timu hupata zamu 9. Mtu aliyeuona mchezo wa kriketi hatapata taabu kuuelewa, ila katika besiboli mpira haudundi chini kabla ya kumfikia mpigaji.

Wala mchezo huu si mgeni kabisa katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka bara la Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, yanayofanyika kila mwaka katika mji wa South Williamsport, jimbo la Pennsylvania. Ni katika jimbo hilohilo ambamo Mathewson alizaliwa, akasoma, na akazikwa.

KUZALIWA NA MASOMO

Christopher Mathewson alizaliwa tarehe 12 Agosti 1880 katika mji mdogo wa Factoryville. Wazazi wake walikuwa watu wa dini, na mama yake alitamani mwanawe awe mhubiri. Kijana hakuwa mhubiri, lakini aliahidi kwamba hatacheza siku ya Jumapili, na katika miaka yake yote ya kurusha mpira aliitimiza ahadi hiyo. Waliomwajiri walilijua sharti lake nao wakalikubali.

Mwaka 1898 aliingia Chuo Kikuu cha Bucknell, katika mji wa Lewisburg. Huko alichaguliwa kuwa kiongozi wa wanafunzi wa mwaka wake, akawa hodari pia katika kandanda ya Kimarekani, hasa katika kuupiga mpira kwa mguu. Katika siku zile wachezaji wa besiboli wa kulipwa walijulikana kwa ulevi, matusi na ugomvi, na hoteli nyingine hazikupenda kuwapokea. Kijana msomi, mrefu wa zaidi ya futi 6, mwenye adabu na asiyetukana, alikuwa kitu kigeni miongoni mwao.

Mwanzo wake haukuwa mwepesi. Mwaka 1900 aliichezea timu ya Norfolk, jimbo la Virginia, akashinda mechi 20 na kushindwa 2 tu. Timu kubwa ya New York Giants ikamchukua mwezi Julai mwaka huohuo, lakini mechi tatu alizohesabiwa huko zote alishindwa, akarudishwa Norfolk. Baadaye Giants walimpata tena kwa kubadilishana na timu ya Cincinnati, wakamtoa mrushaji wao wa zamani aliyeitwa Amos Rusie. Rusie alirusha katika mechi tatu tu kwa Cincinnati, kisha mkono wake ukamshinda kabisa. Mathewson aliitumikia New York hadi mwaka 1916.

NGUVU KWA KIPIMO

Katika Julai 1902 timu ya Giants ilipata meneja mpya, John McGraw, mtu mfupi, mkali, mwenye hasira za karibu. Yeye na Mathewson walitofautiana kwa tabia kama usiku na mchana, lakini walipatana kama ndugu, na wake zao pia wakawa marafiki. Chini ya uongozi wa McGraw kijana yule alikuwa mrushaji bora wa zama zake. Alishinda mechi 30 katika mwaka 1903, mechi 33 katika mwaka 1904, na mechi 31 katika mwaka 1905.

Silaha yake iliyovuma kuliko zote ilikuwa mrusho wa kinyume. Mrushaji wa mkono wa kulia kwa kawaida huupinda mpira uende mbali na mpigaji anayetumia mkono wa kulia. Mathewson alijifunza kuzungusha kifundo cha mkono upande wa pili, mpira ukapinda kumwelekea mpigaji huyo na kuzama mbele ya gongo lake. Mpigaji aliyekuwa amezoea njia moja alijikuta anapiga hewa.

Lakini mrusho huo uliuumiza mkono. Kwa sababu hiyo hakuutumia ovyo. Aliurusha mara chache tu katika mechi, pale hatari ilipokuwa kubwa. Wapigaji dhaifu aliwaacha waupige mpira, akiwategemea wenzake uwanjani waudake. Alipoona maadui wamejaa vituoni, ndipo alipofungua ghala lake. Wahenga walisema akiba haiozi, na Mathewson aliutumia msemo huo kwa mkono wake mwenyewe ingawa hakuwahi kuusikia. Kamanda anayemaliza risasi zake zote asubuhi atakuwa na nini jioni?

Alikuwa pia na shabaha ya ajabu. Katika mwaka 1913 alirusha zamu 68 mfululizo bila kumpa mpigaji hata mmoja nafasi ya bure kwa kurusha nje ya eneo la halali. Mwalimu yeyote wa shabaha atakubaliana nasi kwamba jambo kama hilo haliji kwa bahati.

Akili yake haikukaa uwanjani tu. Alikuwa bingwa wa mchezo wa drafti, na aliweza kupambana na wachezaji kadhaa kwa wakati mmoja, akihama kutoka ubao hadi ubao. Aliwakumbuka wapigaji kama alivyoikumbuka mipango ya drafti: huyu hapendi mpira wa chini, yule hushindwa na mpira wa polepole.

SIKU SITA ZA MWAKA 1905

Oktoba 1905 timu ya Giants ilikutana na Philadelphia Athletics katika mashindano ya kumtafuta bingwa wa nchi. Mathewson alirusha mechi ya kwanza tarehe 9, akashinda 3 kwa 0. Akapumzika siku mbili, akarusha tena tarehe 12, akashinda 9 kwa 0. Tarehe 14, baada ya siku moja tu ya kupumzika, akashinda 2 kwa 0, na ubingwa ukaenda New York. Katika muda wa siku sita alirusha zamu 27 bila kufungwa hata bao moja. Zaidi ya miaka mia moja imepita tangu siku zile na hakuna mrushaji aliyelirudia jambo hilo katika mashindano hayo.

Yafaa hapa tuseme ukweli mmoja. Katika zama zile watu weusi walizuiwa kucheza katika ligi kuu za Marekani kwa sababu ya rangi yao. Mathewson hakupata kupimwa katika ligi hiyo na wapigaji wote bora wa nchi yake, maana wengine walifungiwa mlango. Tutaona mbele jinsi afisa mmoja aliyetumikia naye jeshini alivyokuja kuufungua mlango huo.

KUSHINDWA BILA KULAUMU

Sifa ya mtu haipimwi kwa ushindi peke yake. Mwaka 1908 Mathewson alishinda mechi 37, idadi kubwa kuliko zote za maisha yake, na bado timu yake ilikosa ubingwa wa ligi. Tarehe 23 Septemba walikuwa wakipambana na Chicago Cubs, kila timu ina bao 1, zamu ya mwisho. Giants wakapiga mpira wa ushindi. Lakini kijana wao Fred Merkle, mwenye umri wa miaka 19, alipoona mwenzake amefika nyumbani aligeuka na kukimbilia nje ya uwanja bila kukigusa kituo cha pili. Watu wa Chicago wakadai sheria ifuatwe, mwamuzi akalikataa bao. Mwisho wa msimu timu hizo mbili zikawa sawa, ikabidi mechi irudiwe tarehe 8 Oktoba. Mathewson aliyekuwa amechoka, baada ya kurusha karibu zamu 390 mwaka ule, akashindwa 4 kwa 2.

Mwaka 1912 yalimfika mengine. Katika mechi ya mwisho ya ubingwa dhidi ya Boston Red Sox, Giants waliongoza 2 kwa 1 katika zamu ya 10. Mpira mwepesi ukapigwa juu, Fred Snodgrass akakaa chini yake, ukamponyoka mikononi. Baadaye kidogo mpira mwingine ukaanguka katikati ya wachezaji waliokuwa wakitazamana kila mmoja akimngoja mwenzake. Boston wakashinda 3 kwa 2.

Magazeti yalimwandama Merkle, kisha Snodgrass, miaka nenda miaka rudi. Mathewson, ambaye ndiye aliyepoteza ushindi katika mechi hizo zote mbili, hakuwashutumu wenzake hadharani. Ofisa aliyewahi kuongoza kikosi anajua uzito wa jambo hilo. Askari aliyekosea anajijua kwamba amekosea. Akitukanwa mbele ya umma na mkubwa wake, kikosi kizima kitaogopa kujaribu.

MENEJA NA MLA RUSHWA

Kufikia mwaka 1916 mkono wa Mathewson ulikuwa umechoka. Mwezi Julai mwaka huo McGraw alimwachilia aende Cincinnati kuwa meneja wa timu ya Reds. Huko alirusha mechi moja tu ya kuagana, Septemba 1916, dhidi ya mpinzani wake wa miaka mingi Mordecai Brown, akashinda 10 kwa 8. Hesabu yake ya mwisho ikawa ushindi 373.

Katika timu ya Cincinnati alimkuta mchezaji aitwaye Hal Chase, mwenye kipaji kikubwa na mwenendo mbaya. Chase alishirikiana na wacheza kamari, akipokea fedha ili timu yake ishindwe, na akijaribu kuwanunua wenzake pia. Mathewson aliona mipira inayokosewa ambayo mtu wa ustadi ule hawezi kuikosea. Agosti 1918 akamsimamisha, akampeleka kwa wakuu wa ligi.

Shauri liliposikilizwa Januari 1919, meneja aliyelileta alikuwa Ufaransa akitumikia jeshi. Bila shahidi mkuu kuwapo, Chase aliachiliwa. Na jambo la kustaajabisha ni kwamba McGraw akamwajiri Chase huyohuyo, hata Mathewson aliporudi kutoka vitani na kuwa msaidizi wa McGraw, alilazimika kukaa benchi moja na mtu aliyemshtaki. Polisi wenzetu wanaifahamu hali hiyo: umemkamata mhalifu, umefikisha faili, na kesho unampita barabarani akitabasamu.

Hata hivyo njia ya mwongo ni fupi. Ushahidi zaidi ulipatikana, na baada ya msimu wa 1919 Chase hakucheza tena katika ligi kuu. Oktoba 1919 Mathewson alikaa katika jukwaa la waandishi wa habari pamoja na Hugh Fullerton, akitazama mashindano ya ubingwa baina ya Chicago White Sox na Cincinnati Reds, na wakiandika kila tendo lililotia shaka. Mwaka uliofuata ikadhihirika kwamba wachezaji wa Chicago walikuwa wamehongwa washindwe. Mwaka 1921 wachezaji 8 wa timu hiyo walifungiwa maisha.

KATIKA SARE YA JESHI

Turudi nyuma kidogo, hadi Agosti 1918. Marekani ilikuwa vitani tangu Aprili 1917. Mathewson alikuwa ametimiza miaka 38, ana mke, Jane, waliyefunga ndoa mwaka 1903, na mtoto mmoja wa kiume. Angeweza kubaki nyumbani na hakuna ambaye angemnyoshea kidole. Hata hivyo aliiacha kazi yake kabla ya msimu kwisha, akajitolea, akapewa cheo cha kapteni katika Idara ya Vita vya Kemikali, iliyokuwa imeundwa mwezi Juni mwaka huohuo.

Idara hiyo ilihitajika. Tarehe 22 Aprili 1915 Wajerumani walikuwa wamefungua mitungi ya gesi ya klorini karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, na wingu lake likafukuza askari katika mahandaki. Mwaka 1917 ikaja gesi ya haradali, inayochoma ngozi, macho na mapafu, na ambayo hukaa ardhini kwa siku nyingi. Pande zote mbili zikatumia sumu za namna hii. Jeshi likahitaji maofisa wenye afya na akili nyepesi, ambao askari wangewasikiliza. Wanamichezo mashuhuri wakaonekana kufaa. Ndiyo sababu Kapteni Mathewson alijikuta pamoja na Kapteni Ty Cobb, mpigaji aliyekuwa bora kuliko wote wa wakati ule, na Meja Branch Rickey.

Walipelekwa Ufaransa, karibu na Chaumont, kuwafundisha askari jinsi ya kujikinga na gesi. Zoezi lenyewe lilikuwa hivi: askari waliingizwa katika chumba kilichofungwa, gesi ikafunguliwa, na kwa ishara iliyotolewa kila mtu alipaswa kuvaa kinyago chake mara moja. Miaka mingi baadaye Cobb alisimulia kwamba siku moja ishara haikuonekana na wengi, watu wakashikwa na hofu, wakasongamana mlangoni, baadhi yao wakafa, na Mathewson akavuta kiasi kikubwa cha gesi. Wako wanahistoria wanaotilia shaka sehemu za masimulizi hayo. Baada ya vita kusimamishwa tarehe 11 Novemba 1918, Mathewson alifanya kazi ya kukagua sehemu zilizoachwa na Wajerumani, ambako mabaki ya sumu yalikuwa hayajaisha.

UGONJWA NA MAUTI

Aliporudi Marekani mwaka 1919 alikuwa na kikohozi kisichokoma. Mwaka 1920 madaktari walitambua kwamba ni kifua kikuu. Ndugu yake Henry alikuwa amekufa kwa ugonjwa huohuo mwaka 1917. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwa uhakika kwamba gesi ndiyo iliyomuua. Kifua kikuu huletwa na vijidudu, wala si na gesi. Ila mapafu yaliyojeruhiwa ni ngome yenye ufa, na wengi wa waliomjua waliamini kwamba vita vilimwonyesha adui mahali pa kupenya.

Dawa ya kuua vijidudu vya kifua kikuu haikuwapo. Streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943. Tiba ya siku zile ilikuwa mapumziko, chakula, na hewa baridi safi. Mathewson akahamia Saranac Lake, katika milima ya jimbo la New York, penye hospitali maarufu za ugonjwa huo. Mtu aliyerusha zamu 27 katika siku sita sasa alilala kitandani miezi mingi, akikatazwa hata kunyanyua mikono yake. Alitii amri za daktari kama alivyotii amri za mkuu wake, na akajitungia michezo ya mezani ya kumpitishia saa.

Alipata nafuu kiasi, na mwaka 1923 akakubali kuwa rais wa timu ya Boston Braves. Madaktari walimwonya apunguze kazi. Mwaka 1925 ugonjwa ulimrudia, akarejea Saranac Lake, na tarehe 7 Oktoba 1925 akafariki. Ilikuwa siku ya kwanza ya mashindano ya ubingwa baina ya Pittsburgh na Washington. Kesho yake wachezaji wa timu zote mbili walivaa vitambaa vyeusi mikononi. Alizikwa Lewisburg, karibu na chuo alichosomea.

ALICHOKIACHA

Mwaka 1936 wanamichezo watano wa kwanza walichaguliwa kuingia katika Jumba la Mashujaa wa Besiboli: Ty Cobb, Babe Ruth, Honus Wagner, Walter Johnson na Christy Mathewson. Wanne walikuwa hai. Mathewson peke yake alikuwa kaburini.

Yule Meja Rickey tuliyemtaja alirudi kuwa kiongozi wa timu. Mwaka 1945 alimsajili Jackie Robinson, ambaye naye alikuwa amewahi kuwa luteni katika jeshi la Marekani, na mwaka 1947 Robinson akawa mtu mweusi wa kwanza katika karne ya 20 kucheza katika ligi kuu. Mlango uliofungwa katika siku za Mathewson ulifunguliwa na mmoja wa maofisa wa idara yake.

Tukiyatazama maisha haya, twaona kwamba ushindi ule 373 ni wa vitabu vya hesabu. Kwetu sisi tunaovaa sare, yanayotugusa ni mengine. Alimshtaki mla rushwa ijapokuwa alijua huenda asiaminiwe, na miaka ikathibitisha kauli yake. Hakumtwika kijana aliyekosea mzigo wa kushindwa. Naye aliingia jeshini kwa hiari, akapewa kazi isiyo na ngoma wala bendera: kuwafundisha wengine kuvaa kinyago kwa wakati.

Basi kuruta anayelalamika kwamba mkufunzi amemrudisha mara kumi katika zoezi la kinyago, na ofisa anayeona uvivu kukagua vinyago vya kombania yake, wamkumbuke Kapteni Mathewson. Uwanjani alimwona kila mpigaji aliyemkabili. Adui wa Ufaransa hakumwona, na huyo ndiye mkufunzi anayetaka tujiandae kumkabili.